Kila wa Tatu

Kichupa cha damu kilifika Oulu Jumanne, kwa basi la posta,
kifuniko cha zambarau, kimevikwa soksi ya sufu.
Nani hutuma damu ndani ya soksi?
Oiva Tolonen, miaka themanini na mbili, Suomussalmi,
ambako Machi theluji ingali imefika dirishani.
Soksi ilikuwa imelowa. Nikaianika juu ya kipasha joto.

Kazi yangu ni kusoma.
Kolajeni ni kamba ya nyuzi tatu,
imesukwa kama kichwa cha msichana usiku wa kuamkia shule,
kwa kuvuta, kwa kukaza, bila huruma.
Na kila nafasi ya tatu katika kila uzi
sharti akae yule mdogo kuliko wote, glisini,
maana katikati ya msuko hapamtoshi mwingine.
Mmoja, wawili, mdogo. Mmoja, wawili, mdogo.
Mara mia tatu na zaidi.
Akijipenyeza mnene pale,
msuko hubenjuka, na mfupa hukua
una sura ya mfupa
na moyo wa chaki.

Senja, mjukuu, miaka minne, mivunjiko kumi na mmoja.
Weupe wa macho yake ni samawati,
kama maziwa yaliyoenguliwa.
Baba yake, Ilpo, ana macho yayo hayo
na masikio yaliyochoka kabla ya arobaini.
Kwa hao wawili nilishaiona: herufi moja,
A palipopaswa kukaa G.
Kilichobaki ni kujua iliingilia wapi.

Ndani ya jalada, nakala ya karatasi ya mwaka 1971,
imepigwa taipu na mtu asiye na shaka:
Mtoto, miezi mitano. Mkono na paja. Baba ana mikono mizito.
Mkata magogo; angekuwa na mikono gani?
Wakamchukua Ilpo kwa vipupwe viwili.
Alirudi na mvunjiko mwingine,
alioupata kulekule walikomficha asivunjwe,
na huo hakuna aliyeuandikia karatasi.
Hilkka, mkewe, hakuniuliza kamwe,
Oiva aliniambia kwa simu.
Miaka thelathini na minane
alinimiminia kahawa akitazama kikombe.

Mashine ilisoma usiku kucha. Asubuhi nikakuta,
katika damu ya mzee, chembe moja kwa kila tisa
inayo ile A. Nyingine zote safi.
Hajavunja hata kidole maishani mwake.
Kosa lilimdondokea
alipokuwa hajafikia hata ukubwa wa punje ya shayiri,
likaota upande mmoja, likangoja.

Nikapiga simu.
Si mikono yako, nikasema.
Kimya. Nilisikia saa ya ukutani, na kuni zikilia jikoni.
Ningeweza kuishia hapo.
Ningekata simu, nikawa mwema mpaka jioni.
Lakini imetoka kwako.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.
Na huu je, uliopandwa
kabla hujawa na mkono?

Akakohoa. Herufi ngapi?
Moja.
Kati ya ngapi?
Bilioni tatu na kitu.
Akatoa sauti ambayo hadi leo
sijui kama ilikuwa kicheko.

Iandike, akasema. Kwenye karatasi, yenye muhuri.
Yote mawili, la mikono na la damu.
Usilipake asali.
Ya kumpelekea nani?
Hilkka. Yuko kaskazini ya kanisa.
Nitamsomea theluji ikiyeyuka.
Yule hakupenda kuambiwa nusu.

Nimeiandika mara tatu.
Ya kwanza ilijaa maneno ya kazini.
Ya pili iliomba radhi kwa niaba ya watu nisiowajua.
Ya tatu ndiyo ndogo.
Hiyo ndiyo niliyoikunja,
nikaitia ndani ya soksi yake, iliyokwisha kukauka.